Kitabu kinachofuata: maneno yangu kwa wanachalenji wenzangu katikati ya mwaka

(Haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao cha klabu yetu ya vitabu hapa Dar. Wengine mlikwama kwenye foleni, wengine mlikuwa na misiba na harusi, mkaomba niandike. Nimeandika kama nilivyoongea, nimepunguza tu salamu.)

Jamani habari za mchana. Wazee wangu shikamooni, na nyie wadogo zangu mliojibana huko karibu na mlango sogeeni mbele, viti vipo.

Mwenyekiti kaniomba niongelee hii chalenji yetu ya kusoma mwaka mzima, maana tumeingia mwezi wa saba na kwenye grupu mnaona wenyewe hali ilivyo. Januari kila mtu alikuwa anatuma picha ya kava, kitabu na kikombe cha chai pembeni, mtu kamaliza kitabu saa nane usiku anatuambia hapohapo hajalala. Sa hivi wanaoandika ni wachache, wengine mnaingia kimyakimya mnasoma meseji za wenzenu mnatoka. Na najua wapo humu ndani ambao leo nusura wasije, uliandika lengo la kusoma vitabu 24 mwezi wa kwanza, sa hivi umemaliza vinne, unaona hata aibu kukaa na watu. Nimefurahi mno kuwaona. Nyie ndo hasa niliotaka kuongea nao.

Sitasema faida za kusoma, mnazijua, ndo maana mlijiandikisha. Nataka niseme kitu kimoja tu ambacho nimekiona kwa watu wengi kwenye hizi chalenji, wa rika zote, wa kazi zote. Watu hawakwami wakiwa ndani ya kitabu. Ukishaingia kwenye kitabu kizuri unasoma tu, utasoma kwenye daladala, utasoma jikoni wali ukiwa kwenye mkaa, utasoma umeme umekatika kwa tochi ya simu. Watu wanakwama wakishamaliza kitabu kimoja na hawajaanza kingine. Hapo katikati ndo chalenji zinafia.

Tufanye hesabu, ya shule ya msingi tu. Wengi wenu mlilenga 24. Tuseme kila kitabu kina kurasa 200, zote ni kurasa 4,800. Gawanya kwa siku 365 unapata kurasa 13 na kidogo kwa siku. Kurasa 13 ni kitu gani? Ni muda unaosubiri mwendokasi ijae uondoke, ni muda unaokaa kwenye benchi la kinyozi. Hakuna mtu humu ndani anayeshindwa kurasa 13, nasema hakuna, hata dada yetu yule mwenye mapacha.

Sasa tuchukue mtu huyohuyo, kila akimaliza kitabu anapumzika wiki moja. Wiki moja tu, si nyingi, unamaliza Jumapili unasema wiki hii niko bize nitaanza wikiendi ijayo. Vitabu 24 mara siku 7 ni siku 168. Siku 168 ni karibu nusu ya mwaka, hujasoma hata ukurasa, na hujaumwa, hujasafiri, hujafanya kosa lolote, umepumzika tu kila ukimaliza. Siku ulizobakiwa nazo ni 197, na kurasa ni zilezile 4,800, kwa hiyo sasa unadaiwa kurasa 24 kila siku badala ya 13. Ndo pale mtu anaanza kusema chalenji imenishinda, mi si msomaji, wakati shida yake wala haikuwa kusoma.

Kuna mwenzetu mmoja ana genge huko Kinondoni, yupo hapa leo lakini sitamtaja maana hapendi, alinionyesha kaunta buku lake nikaomba ruhusa niwaambie. Ni lile daftari gumu la kawaida, nusu ya mbele kaandika mahesabu ya nyanya na vitunguu na nani anadaiwa, ukiligeuza kwa nyuma ndo vitabu. Hajaandika nyota, hajaandika maoni, kapiga mistari mitatu kwa rula. Mstari wa kwanza jina la kitabu, wa pili NIMEANZA, wa tatu NIMEMALIZA, na tarehe basi. Ukiangalia ule ukurasa wa mwezi wa pili unaona kamaliza kitabu tarehe 6, na kinachofuata kaanza tarehe 27. Amekizungushia duara kwa kalamu nyekundu hicho kipande. Nikamuuliza hapa ulikuwa unaumwa? Akasema hapana, nilikuwa nasubiri mtu aniletee kitabu aliniahidi. Wiki tatu. Tangu siku hiyo, akifika katikati ya kitabu anaandika kabisa jina la kinachofuata kwenye mstari wa chini, na anahakikisha kipo ndani ya nyumba. Kikiwa hakipo ana nusu kitabu nzima ya kukitafuta. Ukurasa wa mwezi wa tano na wa sita hauna duara hata moja.

Mama ntilie hangoji jiko lizime ndo akatafute mkaa, anaongezea lingali linawaka. Hivyo tu.

Sasa hii ya kusema watu wetu hawasomi mi huwa inaniuma. Kuna ule msemo wa ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke kwenye kitabu, watu wanausema huku wanacheka, wanausema mpaka mbele ya watoto. Mi naukataa kabisa. Angalieni majumbani kwetu. Kurani ina juzuu 30, na kila Ramadhani kuna watu kwenye hii mitaa yetu wanasoma juzuu moja kila siku mpaka wanakhitimu, na hawa watu wanafunga, wanafanya kazi, wanapika futari, wanaswali tarawehe. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189, na kuna kina mama wanaimaliza kila mwaka, kila mwaka! Sura tatu kwa siku, na siku 94 kwenye mwaka inabidi usome nne, hapo ndo hesabu inakaa. Huyo mama hajawahi kuiita chalenji, hajapiga picha na kikombe.

Na kwa nini wanaweza? Kuna imani, ndiyo, hilo ni kubwa kuliko yote na siwezi kulilinganisha na riwaya. Ila kuna na kitu kingine, ni kwamba kesho yao inajulikana. Aliyesoma juzuu ya saba leo, kesho ni ya nane, hakai kitandani anajiuliza nisome nini. Kile kikaratasi cha ratiba kilichokunjwa ndani ya Biblia kinasema tarehe 14 ni sura hizi na hizi, basi, unafungua unasoma. Hakuna nafasi ya katikati ya kupotelea. Kwa hiyo huu ujuzi upo, upo kwa bibi zetu na mama zetu, sisi tuuchukue tuutumie kwenye riwaya na tamthilia na vitabu vya historia.

Na kwa wale wanaoniulizaga kama kusoma Biblia au Kurani kunahesabika kwenye chalenji, hiyo ni juu yako mwenyewe na mwenyekiti asiwapangie. Mi ningeweka pembeni, sio kwa sababu haihesabiki, ni kwa sababu ile ni ibada na hii ni starehe na elimu, kila moja ibaki na heshima yake.

Niwape mfano wa mbali kidogo. Kuna mwandishi wa Uingereza anaitwa Ann Morgan, mwaka 2012 yupo London akaamua ndani ya mwaka mmoja asome kitabu kutoka kila nchi duniani, nchi 196, zote kwa Kiingereza. Ukigawanya ni kitabu kila siku mbili, tena pungufu. Watu wakisikia hii stori wanashangaa kasi yake. Mi kasi hainishangazi, kuna watu wanasoma haraka. Kinachonishangaza ni jinsi alivyovipata. Maana nchi nyingine hazina kitabu hata kimoja cha hadithi kilichotafsiriwa kwa Kiingereza, dukani hakipo, maktaba hakipo, atakisoma wapi? Basi akaanza kutafuta kabla mwaka wenyewe haujaanza, akawatangazia watu asiowajua kwamba nisaidieni. Mtu wa Kuala Lumpur ambaye hawajawahi kuonana akaingia duka la vitabu huko kwao akamchagulia, akampelekea kwa posta. São Tomé na Príncipe hakupata kitu kabisa, watu wa kujitolea wakagawana kurasa wakamtafsiria kitabu kutoka Kireno. Sudan Kusini ilikuwa nchi changa, imepata uhuru 2011 tu, mwandishi wa huko akamwandikia hadithi yake maalum ili na nchi yao iwepo kwenye listi. Mwaka ukaisha kamaliza, na baadaye akaandika kitabu juu ya hiyo safari.

Sasa huyo yupo London, mji wenye maduka ya vitabu kila kona, na bado kazi kubwa ilikuwa kutafuta kinachofuata, na asingefika kokote bila watu. Sisi hapa ambao duka la vitabu unapanda magari mawili kulifikia, unafikiri utafanyaje peke yako? Hii klabu kazi yake ndo hiyo. Kujadili kitabu ni kuzuri na napenda, ila kazi ya kwanza ya klabu ni kuhakikisha hakuna mwanachama aliyemaliza kitabu akakaa mikono mitupu.

Vitabu vinapatikana wapi, najua ndo swali. Ya kwanza ni Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya uhuru kabisa, fikirieni kwamba siku kama ile aliona kitu cha kufungua ni maktaba. Watu wazima wengi wanaipita wanadhani ni ya wanafunzi wanaojisomea mitihani. Si ya wanafunzi peke yao, ingia, uliza mezani utaratibu wa kujiunga na kuazima, rafu za riwaya za Kiswahili zipo. Utakuta vitabu vya zamani ambavyo dukani havichapwi tena, karatasi imekuwa ya njano, nyuma kuna kile kikaratasi chenye mihuri ya tarehe za watu waliokisoma miaka hiyo. Mi huwa nazisoma zile tarehe kabla ya kitabu. Na mikoani maktaba za mkoa zipo, kwa hiyo wenzetu mnaotusikiliza kutoka Moshi na Mwanza na nyie msijitoe.

Ya pili maduka. Samora kuna duka la TPH, yaani Tanzania Publishing House, ukiwa unatafuta vya Kiswahili na vya historia yetu anzia hapo. Vitabu vya mitumba vya barabarani navyo visidharauliwe, ukipita uwe na majina matatu kichwani uulize, usiseme unaangalia tu. Wenzetu wa Nairobi wana zile inama bukshop zao, vitabu vya mitumba vimepangwa chini barabarani unainama kuchagua, ukisafiri ukirudi na vitatu vinne kwenye begi utakuwa umetusaidia wote.

Ya tatu, hizi pdf za kwenye WhatsApp. Hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe. Mtu anapiga picha kitabu kizima cha mwandishi wa hapahapa, yuko hai, anategemea zile kopi mia mbili tatu ziuzwe, anazirusha kwenye magrupu kumi. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, lakini achana na sheria, fikiria tu yule mtu kakaa miaka anaandika. Kwenye grupu letu tukubaliane haziingii. Kuazimana kopi moja iliyonunuliwa, watu kumi wakaisoma, hiyo ruksa na ni baraka. Na kuna sababu nyingine wala si ya sheria. Mtu mwenye pdf mia nne kwenye simu ndo mara nyingi anayekaa wiki mbili hajaanza kitabu, anafungua hiki kurasa mbili anafunga, anafungua kile anafunga, mwisho anaishia kwenye video. Kitabu kinachofuata kinatakiwa kiwe kimoja. Chagua kimoja, vingine vifute au vifiche.

Kuna na nafasi ya katikati ya aina nyingine, ambayo haionekani, nayo ni kitabu kilichokukwamia. Umefika ukurasa wa 70, hukipendi, hukiachi, kipo kando ya kitanda tangu mwezi wa tatu. Ukiulizwa unasema bado nakisoma. Hukisomi. Hiyo ni pengo kama lile duara jekundu, ila lenyewe limevaa nguo za kitabu. Mkutubi mmoja wa Seattle, Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni yake, anasema kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukiwa na miaka zaidi ya 50 unachukua 100 unatoa umri wako, hizo ndo kurasa unazodaiwa. Mzee wetu hapa mbele ana 72, kwa hiyo yeye ni kurasa 28 tu, akiona hapana anafunga. Naona umefurahi mzee. Ni haki yako, umri umekupa.

Ila niongeze hapo, kwenye Kiswahili kuna vitabu ambavyo ni vigumu mwanzoni kwa sababu vinatakiwa kuwa vigumu. Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, ni kajitabu kembamba kabisa, mtu anakichukua anasema hiki ni cha kumalizia wikiendi, halafu wiki inakata hajui yuko wapi. Kile si cha kusoma kwa kukimbizana na namba. Kama una haraka kiweke mpaka Desemba, kisome taratibu, urudie. Kukiweka kando kwa heshima ni tofauti na kukikwamisha kitandani. Unakirudisha kwenye rafu, unaandika kwenye daftari nimekiahirisha, unachukua kingine siku hiyohiyo.

Na hii inanileta kwenye kupanga. Wengi mkitengeneza listi Januari mnaandika vitabu vya aina moja, vyote vya kujiendeleza, vyote vya biashara, vyote Kiingereza. Sivisemi vibaya. Lakini ukisoma vitano vya namna hiyo mfululizo vinaanza kufanana, huwezi hata kukumbuka nani alisema nini, na hamu inakufa. Changanya bwana. Umemaliza kinene, fuatisha chembamba. Tuseme umetoka kwenye Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, ni riwaya ndefu, umekaa na Yasmin na Denge kule Unguja ya wakati wa mkoloni wiki nzima, kichwa bado kipo huko, hutaki kuingia kwenye riwaya nyingine kubwa, ni kweli. Basi chukua tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya 1969, jioni mbili umeimaliza na umeingia kwenye Maji Maji. Au chukua Kusadikika ya Shaaban Robert, imetoka 1951 na kila nikiisoma naona kama kaandika juzi. Kikiisha hicho, mshipa wa kusoma bado uko moto, ndo unaingia kwenye kinene kingine. Na uwe na kimoja cha mbio, cha Musiba, yule mpelelezi wake Willy Gamba anakimbizana na majasusi, hicho ni cha siku ambayo umechoka kazini na hutaki kufikiria chochote. Wapo wanaosema hivyo si vitabu vya maana. Mi nasema Musiba kawafundisha kusoma watu wengi kwenye nchi hii kuliko semina zote, na mtu akiniambia kwenye chalenji yake kuna Willy Gamba watatu namheshimu.

Na someni Kiswahili. Nasema hivi kwa sababu ya hesabu pia. Wengi wetu tunasoma Kiswahili kwa kasi kubwa kuliko Kiingereza, hatusimami kwenye maneno, hatufungui kamusi kila aya, tunacheka palepale panapochekesha. Ukikwama mwezi mzima, kitakachokutoa ni kitabu cha Kiswahili. Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, nimeona ikiwatoa watu kwenye ukame mara nyingi sana, yule kijana Kongowea anatoka Tanga anamtafuta baba yake mpaka Kitale, ukishaanza safari naye huwezi kumwacha njiani. Walibora tulimpoteza Aprili 2020. Kila anayekisoma anamrudisha.

Sasa nyie mlio nyuma. Kama unatumia Goodreads, ile app ya kuhesabia vitabu unavyosoma, unajua ile sehemu inakuandikia uko nyuma vitabu nane, uko nyuma vitabu tisa. Ile mashine inagawa mwaka sawasawa, haijui Januari ulikuwa unahangaika na ada za watoto, haijui masika maji yaliingia ndani, haijui uliuguza mzazi miezi miwili. Msiiruhusu iwaambie nyie ni watu gani. Na ile namba inabadilishika, unaingia unaandika 12 badala ya 24, na hakuna aliyekukataza. Mwenye vinne mwezi wa saba akibadilisha kuwa 12 anadaiwa vinane kwa miezi sita, kimoja na kidogo kwa mwezi, hiyo inawezekana kabisa bila kujitesa. Kuna watu wataona ni kudanganya. Mi sioni hivyo. Namba uliiweka wewe Januari ukiwa hujui mwaka utakuja na nini, sa hivi unajua zaidi, iweke upya ukiwa na akili zako zote.

Ila nisiwafiche, ukibadilisha namba na usipobadilisha ile tabia ya katikati, Desemba tutakuwa palepale. Kwa hiyo ninachowaomba leo ni kidogo sana. Usihesabu vitabu kwanza. Kwa miezi mitatu hii, wa saba, wa nane, wa tisa, hesabu mapengo. Andika tarehe ya kumaliza na tarehe ya kuanza, kama yule mwenzetu wa genge. Pengo likizidi siku mbili, tuma meseji kwenye grupu, andika tu "sina kitabu", maneno mawili, hatutakuuliza umesoma vingapi wala uko wapi kwenye listi. Aliye karibu na wewe atakuletea. Wa Mbagala wanajuana, wa Tegeta wanajuana, boda zipo, kitabu hakizidi uzito wa maandazi. Na wewe ukimaliza cha mwenzio kirudishe, jamani kirudishe, usikikunje kona za kurasa, usikitilie kikombe juu. Klabu nyingi za kuazimana zimekufa kwa sababu hiyo peke yake, mtu kaazima kahama nacho mkoa.

Kuna dada kaniuliza pale nje kabla hatujaanza, mtu ana watoto wadogo watatu na kazi ya shifti, afanyeje. Dada yangu, sikuahidi muda, muda huna. Ila wewe weka vitabu viwili, kimoja kwenye begi la kazini na kimoja nyumbani, visihame. Cha begi kiwe hadithi fupi fupi, kwa sababu utakatizwa, na hadithi fupi ikikatizwa unaianza upya bila hasara. Cha nyumbani kiwe kile unachowasomea watoto kwa sauti, na hicho nacho kiandike kwenye listi, ni kitabu, umekisoma, tena wewe umekisoma kwa watu wanne.

Nimalizie na huo mpango wa leo. Tarehe 7 mwezi huu ni Siku ya Kiswahili Duniani, UNESCO waliipitisha mwaka 2021, mwaka uleule Abdulrazak Gurnah wa kwetu Zanzibar alipata Nobeli. Riwaya yake ya Paradise ilitoka 1994, Kiswahili chake, Peponi, kaifanya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Miaka 28 tulisubiri kumsoma mtoto wa Unguja kwa lugha ya Unguja. Tumechangishana, tumenunua kopi nne, na mwezi wa nane ndo kitabu chetu cha kikao.

Meza ipo pale karibu na dirisha. Upande wa kushoto vinene, katikati vyembamba na tamthilia, kulia za Willy Gamba na nyingine za mbio. Leo utaratibu ni tofauti na siku zote, wanaoanza kuchagua ni wale wenye vitabu vichache kuliko wote mpaka sasa, wenye 15 na 16 mtasubiri, nyie mna vitabu nyumbani. Kila mtu achukue viwili, cha kusoma na kinachofuata. Kopi nne za Peponi zitakwenda kwa waliokwama zaidi, wiki mbili kila mtu, halafu zinahamia kwa jirani yake kwenye listi. Mwenyekiti, naomba kalamu nyekundu na lile daftari jipya. Tuanzie na mliokaa karibu na mlango.